Miche mirefu na dhaifu kitaluni: tuchunguze mwanga kabla ya kulaumu mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie lawama inayosikika kila msimu wa vitalu, iwe Ilula, Makambako, Igurusi au Mbalizi. Mkulima amenunua mbegu ya nyanya au kabichi kwa bei ya kuumiza, ameisia, imeota vizuri. Ndani ya wiki moja miche imekimbia juu, shina jembamba na jeupe, kichwa kimezidi uwezo wa shingo, na asubuhi moja inakutwa imelala. Neno la kwanza linalotoka hapo ni "mbegu feki".

Mbegu feki zipo, na anayeziuza abanwe. Lakini miche inayorefuka hovyo mara nyingi ni ushahidi wa upande wa pili: mbegu ni nzima, jeni zake zinafanya kazi barabara, na mche umetii kile ambacho vinasaba vyake vinaagiza unapokosa mwanga wa kutosha au unapopata mwanga wa rangi isiyofaa. Na sisi tunaotoa ushauri tuna sehemu yetu ya lawama. Vipeperushi vingi huandika "ondoa matandazo mbegu zikishaota" na kuishia hapo. Mbegu ngapi ziwe zimeota? Saa ngapi ya siku? Kivuli kibaki au kiondoke? Mkulima anaachwa abahatishe, na siku mbili tu za kubahatisha zinatosha kuharibu kitalu.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mche. Mbegu ya nyanya au kabichi ina akiba ndogo sana ya chakula. Ikiota chini ya udongo, majani mapana na rangi ya kijani havina faida yoyote gizani, kwa hiyo mche, kama msafiri mwenye masurufu ya siku mbili, unatumia kila ulicho nacho kwenye mwendo. Kipande cha shina kilicho kati ya mzizi na majani mbegu, yaani yale majani mawili ya kwanza yanayotoka ndani ya mbegu, kinarefuka kwa kasi. Majani mbegu yanabaki yamefumbana, na ncha inapinda kuwa ndoano ili mgongo wa shina ndio usukume udongo, chipukizi lisichubuke. Mwanga ukigusa mche, mpango wote unageuka: shina linapunguza kasi, ndoano inanyooka, majani mbegu yanafunguka na kuwa kijani.

Mgeuko huo unasimamiwa na jeni nyingi zinazopokezana. Kwanza kuna protini za kupokea mwanga, kila moja na rangi yake. Fitokromu husoma mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, na mwekundu wa mbali wa nanomita 730, ambao jicho la binadamu haliuoni ipasavyo. Kriptokromu na fototropini husoma bluu. Protini iitwayo UVR8, ambayo kazi yake ilithibitishwa mwaka 2011, husoma miale ya urujuanimno ya kundi B. Gizani, protini nyingine inayojulikana kama COP1 hukaa kwenye kiini cha seli ikiitia HY5 alama ya kuangamizwa, na HY5 ndiyo inayowasha jeni za ukijani na kuzuia shina lisirefuke. Wakati huohuo protini za kundi la PIF hujilimbikiza na kuwasha jeni za kurefuka, zikiwemo zile za kutengeneza homoni ya oksini. Mwanga ukifika, fitokromu hubadilika umbo na kuingia kwenye kiini, PIF zinaanza kuvunjwa ndani ya dakika chache, COP1 inafungwa mkono, HY5 inabaki hai.

Hayo yalijulikana kwa kuchunguza miche iliyoharibika jeni moja moja. Mwaka 1980 huko Uholanzi, Maarten Koornneef na wenzake walieleza miche ya arabidopsi, gugu dogo la ukoo wa kabichi na haradali, iliyoendelea kurefuka hata ikiwa mwangani. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ilikosa fitokromu inayofanya kazi, mmoja ulikosa kriptokromu, mwingine ulikosa hiyo HY5. Kati ya mwaka 1989 na miaka ya mwanzo ya 1990, maabara za Marekani zikatoa kinyume chake, miche iliyobaki mifupi na kufungua majani mbegu ikiwa kwenye giza totoro. Hiyo ndiyo iliyotufikisha kwa COP1 na mwenzake DET1. Nyanya nayo ina visa vyake. Ipo nyanya iitwayo aurea isiyoweza kukamilisha fitokromu: miche yake huwa ya njano na mirefu hata juani kweupe. Naitaja kwa sababu itatusaidia tukifika kwenye kupima mbegu.

Sasa turudi kitaluni, na kwanza kwenye matandazo.

Shina la mche mchanga halirefuki kwa kuongeza seli. Seli zake karibu zote ziliwekwa tangu kiinitete kikiwa ndani ya mbegu, kinachotokea ni seli hizohizo kutanuka kwa urefu. Seli ikishatanuka hairudi. Kwa hiyo mche uliokaa siku mbili za ziada chini ya nyasi hautafupishwa na jua la baadaye, wala mbolea, wala dawa yoyote ya dukani. Jua litazuia usiendelee kurefuka, basi. Ndiyo maana siku tatu za kwanza baada ya kuchomoza zina uzito kuliko wiki tatu zinazofuata.

Kuna hasara ya pili ambayo wengi huiita "kuungua" bila kujua chanzo. Mche ulio gizani huandaa malighafi ya klorofili na kuiweka tayari, lakini hatua ya mwisho ya kuigeuza kuwa klorofili inahitaji mwanga. Ukikaa gizani kupita kiasi malighafi hiyo huzidi, na ukifunuliwa ghafla saa sita mchana, inageuka kuwa chanzo cha sumu za oksijeni zinazoua seli. Majani mbegu yanapauka kuwa meupe, kisha yanakauka. Mkulima anaona jua kali ndilo lililoua, akarudisha matandazo juu ya miche iliyobaki, na hapo anaongeza tatizo lilelile. Kwa kawaida PIF, ndizo hizohizo zinazorefusha shina, huzuia malighafi hiyo isizidi, lakini uwezo wao una mpaka.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi. Sia kwa mistari, kina kisizidi sentimita 1 kwa nyanya na kabichi. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 2 hadi 3, ili kushika unyevu. Nyasi unene wa kiganja ni nyingi mno. Kuanzia siku ya nne baada ya kusia, funua kona moja ya tuta asubuhi na jioni uangalie. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, nyanya huchomoza kati ya siku ya 5 na ya 8. Kwenye baridi ya Juni na Julai Njombe au Makete inaweza kufika siku ya 14, kwa hiyo kalenda ya jirani wa Usangu isikuongoze. Ukiona ndoano za kwanza zimepasua udongo, hata kama ni moja kati ya kumi, punguza nyasi nusu jioni ileile. Kesho yake jioni, au mapema zaidi ikiwa nusu ya miche imeshatoka, toa zote. Usisubiri mbegu ya mwisho. Zile zilizochelewa zitatoka bila nyasi mradi udongo una unyevu, kwa hiyo mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo mara mbili kwa siku.

Jioni imetajwa kwa makusudi. Mche unaofunuliwa saa kumi na moja jioni unapata mwanga hafifu wa kuanzia, unaanza kutengeneza klorofili na vikinga vyake, na jua la asubuhi linapanda taratibu. Kisha weka kichanja chepesi au neti ya kivuli juu ya tuta kwa saa za jua kali tu, yaani saa nne hadi saa tisa, kwa siku tatu au nne za mwanzo. Baada ya hapo punguza kila siku. Siku 7 hadi 10 za mwisho kabla ya kuatika, miche iwe inakaa juani mchana kutwa.

Kivuli chenyewe nacho kina aina, na hapa ndipo wakulima wazuri wengi wanapokosea kwa nia njema. Kuweka kitalu chini ya mgomba, mwembe au mparachichi kunaonekana ni busara: kuna ubaridi, maji hayakauki haraka. Lakini jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kuupitisha ule mwekundu wa mbali. Juani, uwiano wa hizo mbili ni karibu 1.2. Chini ya majani mengi unaweza kushuka chini ya 0.2. Fitokromu, hasa ile ya kundi B, husoma uwiano huo. Ukishuka, mche unaelewa kwamba uko chini ya mimea mingine, PIF hazivunjwi tena, na shina linakimbilia juu kutafuta jua ambalo halipo. Neti nyeusi au nyasi kavu hupunguza mwanga bila kubadili sana rangi zake, ndiyo maana nusu kivuli cha neti hakifanani na nusu kivuli cha mgomba hata kama macho yetu yanaona sawa.

Msongamano hufanya kazi kwa njia ileile, tena mapema kuliko watu wanavyodhani. Majani ya miche ya jirani hurudisha mwanga mwekundu wa mbali kwa ubavuni, na mche husoma ishara hiyo kabla haujafunikwa na yeyote. Mkulima anatazama tuta na kusema miche bado haijagusana, kumbe jeni zimeshaanza mbio. Mbegu iliyomwagwa kwa mkono tuta zima ni balaa tupu. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, na jani halisi la kwanza likitokeza punguzia ubakize sentimita 3 kati ya mche na mche. Najua kung'oa mche wa mbegu chotara kunauma, kila punje ina bei yake. Basi sia punje chache kwa nafasi tangu mwanzo. Kwenye trei za matundu 200 nafasi ni finyu kwa asili, kwa hiyo miche isikae humo zaidi ya wiki nne kwa nyanya. Mvua ikichelewa na shamba halijawa tayari, afadhali kuihamishia kwenye vifuko kuliko kuiacha isukumane.

Miche iliyosongamana ina adui mwingine, kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche usawa wa udongo. Shina jembamba lenye ngozi laini, hewa isiyopita, unyevu wa kudumu: fangasi wa udongoni hawahitaji zaidi. Mara nyingi dawa ya fangasi inanunuliwa kutibu kosa la mwanga na nafasi.

Joto nalo huzidisha tatizo. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba fitokromu B ni kipimajoto pia: kwenye usiku wa joto inarudi haraka kwenye umbo lake lisilofanya kazi, na mche unarefuka kana kwamba uko kivulini. Ndiyo sababu kitalu nyumba kilichofungwa nailoni pande zote, chenye joto ndani na mwanga uliopunguzwa na vumbi la miezi juu ya paa, hutoa miche mirefu kuliko tuta la nje la hatua chache pembeni. Osha nailoni kabla ya msimu, fungua pembeni hewa ipite, na usiifunge usiku ila kama kuna hofu ya jalidi.

Nailoni ina jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa miinuko. Urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mche wa tuta la wazi hupata miale hiyo, UVR8 inaikamata COP1, na matokeo ni shina fupi, jani nene, na vikinga vya kemikali kwenye ngozi ya jani. Nailoni nyingi za vitalu huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Mche uliolelewa ndani kisha ukapelekwa moja kwa moja shambani Uporoto au Kitulo ni mche ambao jeni zake za kujikinga hazijawahi kuwashwa. Utoe nje kwa saa mbili siku ya kwanza, ongeza kila siku, kwa muda usiopungua wiki.

Kinyume cha mche mrefu ni mche mfupi wenye rangi ya zambarau chini ya majani, unaoonekana sana miezi ya baridi. Wengi hukimbilia mbolea ya DAP kwa kuwa wamefundishwa kwamba zambarau ni upungufu wa fosfati. Inaweza kuwa hivyo. Lakini mwanga mkali pamoja na baridi pia huwasha jeni za rangi hiyo kupitia HY5, na udongo baridi wenyewe huchelewesha mizizi kunyonya fosfati. Subiri joto lirudi siku chache. Majani mapya yakitoka kijani safi, hela ya mbolea umeiokoa.

Mahindi yana mtindo wao. Chipukizi lake limefungwa ndani ya ala ngumu yenye ncha, koleoptili, na linasukumwa juu na kipande cha shina kinachorefuka gizani. Ncha ya ala inapokutana na mwanga mwekundu karibu na uso wa udongo, kipande hicho husimama. Ndiyo maana iwe umefukia kwa sentimita 5 au 7, mizizi ya taji, ile ya kudumu inayotoka chini ya shina, hutokea karibu kina kimoja tu, kama sentimita 2 chini ya uso. Ukifukia kwa sentimita 2 tu, taji inakaa juu mno na kiangazi kifupi cha Desemba kinaitesa. Sasa angalia shamba lililolimwa likaachwa mabonge. Mwanga unapenya kwenye nyufa, unagusa ncha ya ala ikiwa bado chini, kipande kinasimama mapema, na majani yanafunguka ndani ya udongo ambako hayana nguvu ya kupasua. Mkulima anaona mashimo matupu, anasema mbegu haijaota. Fukua mawili matatu kabla ya kusema hivyo. Ukikuta majani ya njano yamejikunja chini ya bonge, mbegu ilikuwa hai, na dawa yake ni kuvunja mabonge na kushindilia udongo kidogo kwa mguu juu ya shimo.

Kwa wenzetu wa viazi mviringo mambo ni yaleyale ingawa hawasii mbegu. Kiazi ni shina, na macho yake husoma mwanga kwa jeni za ukoo huohuo. Mbegu ya viazi iliyohifadhiwa kwenye gunia gizani hutoa machipukizi marefu meupe yanayokatika wakati wa kupanda, na kila linalokatika ni akiba iliyopotea. Ikiwekwa kwenye ghala la mwanga hafifu, juu ya vichanja vya fito, kwa tabaka mbili au tatu tu za viazi, machipukizi hubaki mafupi, manene, ya kijani au zambarau, ya sentimita 1 hadi 2. Mwanga uingie pembeni bila jua la moja kwa moja kuvipiga viazi, hewa ipite, na vidukari vichunguzwe kwa sababu ndivyo vinavyoeneza virusi. Viazi vya kula vifanyiwe kinyume chake kabisa: gizani. Mwanga uleule unaoleta ukijani kwenye ngozi ya kiazi huongeza pia solanini, iliyo chungu na yenye sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Magunia yanayoanikwa barabarani siku nzima kusubiri mteja yanaharibika hivyo, na mnunuzi ana haki ya kuyakataa.

Saladi niipitie haraka. Aina nyingi za zamani zilihitaji mwanga ili kuota. Ni mbegu za saladi zilizotumika Beltsville, Marekani, mwaka 1952, ambapo Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walionyesha kwamba mwangaza mwekundu huamsha mbegu na mwekundu wa mbali huilaza tena, na mwangaza wa mwisho ndio unaoamua. Usiifukie. Ikandamize juu ya udongo laini, nyunyizia mchanga mwembamba, na usiruhusu ikauke. Mbegu nyingi ndogo za magugu zina tabia hiyohiyo, tena kwa mwanga wa kufumba na kufumbua, ule ambao mbegu inaupata jembe linapoigeuza. Ndiyo maana kuchokoa udongo kwa kina wakati wa palizi kunaotesha kizazi kipya cha magugu. Parua juujuu.

Misonobari nayo ina upekee ambao wenye vitalu Mufindi huenda wameuona. Miche yake ina njia ya pili ya kutengeneza klorofili isiyohitaji mwanga, kwa hiyo inaweza kuwa kijani hata chini ya matandazo mazito. Ukijani huo usimdanganye mtu akadhani miche imepata jua la kutosha. Shina bado linakosa kuimarika. Kwenye nyanya rangi ni ishara nzuri, kwenye msonobari pima kwa unene wa shingo.

Ikiwa miche imesharefuka, nini kifanyike? Urea isiguswe, itaongeza urefu na ulaini. Nyanya inaokolewa: iatike kwa kina, au ilaze shina kwenye mfereji mfupi ukibakiza nje majani ya juu, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi mahali popote linapofukiwa. Kabichi ifukie hadi chini kidogo ya majani mbegu, isizidi hapo. Kitunguu usijaribu kukifukia, kitaoza shingo au kitakosa kutunga. Kwa miche ambayo bado iko kitaluni na majani ni makavu, kupitisha ufito laini juu ya vichwa vyake mara kumi hadi ishirini, asubuhi na jioni, hupunguza kurefuka, kwani mguso nao huwasha jeni zake. Wapo wanaocheka wakisikia hilo. Wajaribu nusu ya tuta.

Na kabla ya kwenda kumshika mwenye duka la pembejeo, ifanywe hesabu hii rahisi. Chukua mbegu 100 zilizobaki za pakiti ileile. Jaza udongo wa aina moja kwenye trei mbili, sia 50 kila moja kwa nafasi ya sentimita 3, kina cha sentimita 1, mwagilia sawa. Trei moja ikae wazi mahali panapopata jua kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, bila matandazo. Nyingine ifunikwe kwa boksi zito lisilopitisha mwanga, lakini hewa iingie chini. Baada ya siku 10 hadi 14, kutegemea baridi ya kwenu, hesabu zilizoota na pima kumi kutoka kila trei kwa rula, kuanzia udongoni hadi chini ya majani mbegu. Ikiwa za wazi ni fupi na kijani, na za gizani ni ndefu zaidi ya mara mbili na zimepauka, jeni za kusoma mwanga ziko kamili, na tatizo la kitalu chako tafuta kwenye nyasi, kivuli, nafasi au joto. Ikiwa za wazi nazo ni ndefu na za njano, ilhali mbegu ya pakiti nyingine iliyowekwa kando yake imetoka kawaida, hapo una hoja. Ikiwa trei zote mbili zimeota chini ya nusu, una hoja ya aina nyingine, ya uhai wa mbegu. Kwa vyovyote beba pakiti yenye namba ya fungu na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), risiti, na trei zenyewe. Afisa ugani atazisoma trei haraka kuliko maelezo.

Ombi langu kwa kampuni za mbegu na kwa ofisi za kilimo za halmashauri zetu ni dogo. Kwenye pakiti pana nafasi ya picha ya nyanya nyekundu iliyonona. Patolewe pia nafasi ya mistari mitatu: matandazo yapunguzwe ndoano za kwanza zikionekana, yaondolewe yote jioni nusu ya miche ikishatoka, na kivuli kisiwe cha majani mabichi.

Mtaalamu wa vitalu vya mboga,
Mbeya